Maana ya Beri

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Wakubwa wake wameniomba niseme hivyo mwanzoni kabisa, na mimi ni mtu wa kutii: haipo. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri arobaini na wanane na manaibu wao, lakini haipo. Na msomaji akiona kama amewahi kuishi humo, hayo ni ya kwake na macho yake.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mji mdogo wa milimani ulioitwa Beri, na ndani ya Beri waliishi mwalimu wa Kiingereza aliyeitwa Eunike na mumewe Gidioni, mwashi. Watu waliwaita Mama Nuru na Baba Nuru, ingawa Nuru mwenyewe, mtoto wao pekee, alikuwa amechukuliwa na homa akiwa na miaka tisa na kuzikwa nyuma ya kanisa. Jina la mtoto halifi pamoja na mtoto. Kila aliyewasalimu alimtaja, nao waliitika.

Gidioni alikuwa amejenga zaidi ya nusu ya nyumba za Beri, na akipita mtaani alizigusa kuta kwa kiganja kama mtu apapasaye ng'ombe wake. Eunike alikuwa amefundisha miaka ishirini na sita, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuliona kosa akaliacha. Alisahihisha matangazo ya harusi, maandishi ya chupa za dawa, na siku moja, katikati ya ibada, sala ya mchungaji. Watu walimpenda hivyo hivyo.

Juu ya mlango wa posta kulikuwa na kibao cha bati kilichoandikwa BURY, lakini hakuna aliyekisoma. Watu walisema Beri tangu enzi za babu zao, na ukiwauliza maana yake, kila mmoja alikuwa na yake. Wapo waliosema lilikuwa jina la mbwa wa Bwana Shauri wa kwanza, mkuu wa wilaya wa Kizungu. Wapo waliosema ni neno "bure" lililomshinda Mzungu kulitamka, kwa kuwa ndivyo alivyoichukua ardhi. Gidioni yeye alisema Beri maana yake ni Beri: ukitoka mbali, ukauona moshi wake, unajua umefika.

Wangeendelea hivyo mpaka kiama kama Serikali isingeunda Wizara ya Majina na Maana. Ilikuwa imegundulika kwamba nchi imejaa majina ya kigeni ambayo haijulikani yanasema nini, na jina lisilojulikana linasema nini, Waziri alieleza redioni, huenda linaisema Serikali. Ukatoka waraka. Kila mahali penye jina la kigeni palete maana yake, moja tu, kwa nakala nne, kabla ya mwisho wa mwezi. Mahali pasipo na maana patafutwa kwenye ramani, na wakazi wake watajulishwa baadaye wako wapi.

Mkutano wa mji ulipoitishwa, watu wote waligeuza shingo kumtazama Eunike, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kamusi. Eunike alijua mambo matatu. Neno lile ukilisikia kwa sikio tu, laweza kuwa tunda dogo tamu liotalo vichakani huko Ulaya. Ukilisoma kama lilivyoandikwa kwenye bati, ni kuzika. Na jambo la tatu, kubwa kuliko yote, ni kwamba jina la mji halilazimiki kuwa neno, kama vile mtu aitwaye Mashaka halazimiki kuwa na mashaka. Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja, tena mfupi. Akachagua lililo zuri, kama mzazi achaguavyo jina, akaandika: *Tunda dogo tamu*. Lilikuwa kosa la tahajia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliliona akaliacha.

*

Miezi miwili baadaye ilikuja Wizara ya Kilimo, kwa magari saba. Mji wa tunda usio na tunda, walisema, ni udanganyifu kwa Serikali. Wakaamuru migomba yote ya Beri ikatwe kupisha matunda, na migomba ikakatwa. Walioipanda walisimama pembeni wakitazama, mikono nyuma. Miche ikaletwa kwa ndege kutoka nchi za baridi, ndani ya masanduku ya barafu, kila mche na kitambulisho chake. Ilikaa ardhini siku tisa. Siku ya kumi ilikuwa imejikunja yote kama vidole vya mtu anayesikia maumivu.

Taarifa ya Wizara ilisema mradi umefanikiwa kwa asilimia mia moja isipokuwa kwa upande wa mimea.

Mwaka ule Beri walinunua ndizi kutoka kwa watu wa bondeni, ambao tangu dunia iumbwe walikuwa wakizinunua Beri. Jirani yake Eunike, Mama Tegemea, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa migomba ile, hakumlaumu. Alimwuliza tu, wakiwa kisimani, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, kama katika kamusi yote ile hapakuwa na neno lililomaanisha ndizi. Eunike alimsaidia kujitwika ndoo, akabaki pale kisimani mpaka wenzake wote wakaondoka.

Tunda lilipokataa, Wizara ya Majina ilimtuma Afisa Maana wa Wilaya achunguze kama kulikuwa na hujuma. Huyu aliitwa Bwana Kitundu, mtu mpole mwenye kalamu sita mfukoni, ambaye hakuwa na ubaya wowote isipokuwa utii. Alisimama mbele ya posta nusu saa akinakili herufi nne za bati, kisha akamwita Eunike, akamfunulia kamusi, akamwomba asome mbele ya herufi zile. Eunike angeweza kusema miwani imevunjika. Lakini miaka ishirini na sita ya ubao na chaki ilimshinda nguvu. Akasoma: kuzika.

Bwana Kitundu akaandika.

Eunike alimweleza, mara tatu, kwamba hiyo si maana ya mji, kwamba mji umepewa jina tu na aliyeutaja alikuwa na sababu yake. Bwana Kitundu akamwambia, kwa upole, kwamba sababu bila karatasi ni uvumi, na akampa siku kumi na nne alete karatasi.

Akaenda mji mkuu, kwenye nyumba ya nyaraka za taifa, safari ya siku mbili. Alikaa kwenye benchi siku nne akipekua majalada yaliyonuka mkojo wa panya, na siku ya nne akaipata barua. Bwana Shauri wa kwanza alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Alimwandikia mama yake kwamba mvua hainyeshi kama ya kwao, chai haina ladha, na hakuna mtu wa kuongea naye. Kwa hiyo ameuita mji huu kwa jina la mji wao, ili kila aandikapo barua, pale juu kabisa penye anwani, aone kana kwamba yuko nyumbani. Pembeni aliongeza kwamba mwalimu wake aliwahi kumwambia jina hilo, katika lugha ya kale, lilimaanisha ngome. Jalada lilionyesha alikaa miezi kumi na mmoja, akarudi kwao, asionekane tena.

Eunike alijikuta analia pale kwenye benchi, akajionea aibu. Mtu yule alichukua nchi ya watu, akawaandika majina, akawatoza kodi ya vichwa. Na huku alikuwa mtoto anayemlilia mama yake. Naye Eunike alikuwa siku ya sita hajasikia mtu akimwita Mama Nuru.

Alirudi na nakala ya barua kama mtu aliyebeba dawa. Bwana Kitundu aliisoma yote, akapiga mstari chini ya neno moja: ngome. Hayo mengine, kuhusu mvua na mama, alisema hayamo katika madaraka ya Wizara.

Basi ikaja Wizara ya Ulinzi. Ngome isiyo na ukuta, walisema, ni uchochezi. Ukaagizwa ukuta wa mawe kuuzunguka mji mzima, kimo cha watu wawili na nusu, wenye lango moja tu. Aliyepewa kuusimamia ni Gidioni. Walijenga miezi mitano. Watu walifurahi, kwa kuwa baada ya mwaka wa njaa wanaume walikuwa na kazi tena, na Gidioni aliimba juu ya jukwaa la mbao kama alivyokuwa akiimba kabla ya Nuru kufariki. Jioni moja alimwambia mkewe kwamba huu ndio ukuta bora aliowahi kujenga, hakuna panya atakayepenya. Eunike aliusifu.

*

Sasa Beri ilikuwa na maana tatu katika majalada matatu ya wizara tatu, na hali hiyo haikuweza kuachwa. Ikaundwa Tume. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Sifuni Makuzi, aliyetunukiwa udaktari na chuo ambacho jina lake lilikuwa limemtoka. Alikuja na turubai lake, viti vyake na watu wake wa kupiga makofi.

"Ndugu wananchi," alisema, "mji mmoja wenye maana tatu ni kama mke mmoja mwenye waume watatu. Hata wakipatana wenyewe, majirani watauliza. Serikali yenu sikivu haina upendeleo kati ya maana na maana. Tunda tumelipanda, limekataa. Ngome tumeijenga, lakini adui tumemtafuta nchi nzima, tumemkosa. Imebaki maana moja ambayo haijapewa nafasi."

Hapa inafaa nieleze kwamba makaburi ya mashujaa katika mji mkuu yalikuwa yamejaa. Katika nchi ile mashujaa waligunduliwa kila wiki, na wengi walio hai walikuwa wamekwisha kujiwekea nafasi, wengine pamoja na maegesho. Kulihitajika mahali penye hewa nzuri, udongo unaochimbika na ukuta. Mheshimiwa Sifuni alisema hayo yote kwa saa mbili. Kisha akatangaza kwamba kuanzia siku ile Beri ni Makaburi ya Taifa, na kwamba Serikali haijabadilisha lolote. Imetii tu kile ambacho mji wenyewe umekuwa ukijiita kwa miaka tisini.

Eunike akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza.

"Mheshimiwa, jina la mji si amri."

"Mwalimu," akajibu Mheshimiwa, akitabasamu, "kila kilichoandikwa kwenye bati la Serikali ni amri."

Kisha akafanya jambo baya kuliko yote aliyoyafanya siku ile, na alilifanya kwa wema. Alimwita Eunike mbele, akawaambia watu kwamba bila usomi wa mwana huyu wa Beri Tume isingefika popote, kwani ndiye aliyeleta maana ya kwanza, akasoma ya pili, akaisafiria ya tatu. Akampa cheti chenye fremu. Watu wa kupiga makofi wakapiga. Watu wa Beri walimtazama mwalimu wao akiwa amekishika cheti mbele ya kifua, na hapakuwa na hata mmoja aliyeyainua macho kufika usoni pake.

Tangu siku hiyo walipokutana naye njiani walikuwa na haraka.

*

Walipewa siku thelathini. Makazi Mapya Namba Saba yalikuwa kilomita kumi na moja chini, kwenye uwanda mweupe usio na kivuli, mabanda ya bati yakiwa yamepangwa kama meno. Tangazo lilibandikwa kila mlango, na Gidioni, ambaye kusoma hakukumpenda sana, alimwomba mkewe amsomee wakati wa chai ya asubuhi. Lilisema kwamba ndani ya makaburi hawaruhusiwi kulala ila wafu. Hata hivyo, kwa kujali haki za binadamu, Serikali imeweka utaratibu wa Marehemu wa Hiari: mkazi yeyote atakayekubali kuandikwa katika daftari la vifo kabla ya wakati wake ataruhusiwa kubaki katika nyumba yake, nayo itahesabiwa kuwa kaburi.

"Mama Nuru, rudia hapo pa hiari."

Akarudia.

"Kwa hiyo aliyekufa anabaki."

"Anayekubali kuandikwa amekufa, ndiye anabaki."

"Basi mimi niandikwe."

Eunike alicheka. Mumewe hakucheka, alikuwa akitazama nje ya mlango, upande wa kanisa.

"Yule mtoto hata alipokuwa hai hakupata usingizi mpaka asikie mtu anakohoa chumba cha pili," akasema. "Tutamwacha na nani? Na hao mashujaa wasiomjua?"

Eunike alisema kama ni hivyo watakufa wote wawili. Akaenda ofisini kwa Bwana Kitundu, na huko akaambiwa kwamba mwalimu ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma hafi bila kibali cha mwajiri wake. Akaandika barua ya kuomba kufa. Alieleza sababu, akaambatisha picha ndogo mbili na cheti kile cha Tume, akidhani kingesaidia. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: kutokana na upungufu mkubwa wa walimu wa Kiingereza, ombi lake limekataliwa, anashauriwa kuomba tena atakapostaafu, miaka minane ijayo.

Gidioni alisimama mbele ya meza ya Bwana Kitundu akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alipoulizwa chanzo cha kifo, alifikiri kidogo, akasema aandikiwe kuhama. Bwana Kitundu akaandika kifo cha kawaida, akamkabidhi hati yake, akampa mkewe mkono wa pole. Eunike akapewa barua ya rambirambi na likizo ya msiba ya siku nne, ambayo ilikuwa lazima aitumie. Aliitumia kwenye banda la bati kule Namba Saba, peke yake kwenye mkeka. Hakuna aliyekuja kukaa naye. Wangekuja kuomboleza nini, na mwenye kufa walikuwa wamemwacha akifagia uwanja wake? Na hata wangekuwa na la kuomboleza, wasingeliomboleza kwake.

*

Marehemu wa Hiari walikuwa tisa mwanzoni. Lakini wafu hawapiki, kwa hiyo moshi ulikatazwa; wafu hawaoni, kwa hiyo taa zilikatazwa; na wafu hawajibu wanaposemeshwa, kwa sababu wageni wa mashujaa wangeshtuka. Wanane wakachoka, wakajaza fomu namba tisa, ya kuomba kufufuliwa, wakashuka bondeni kwa jamaa zao. Akabaki Gidioni.

Wageni waliruhusiwa Jumapili, kuanzia saa tatu hadi saa tisa, wakiwa na maua. Pale langoni alikaa Koplo Chiponda na daftari: jina la mgeni, uhusiano, jina la marehemu. Kila Jumapili Eunike alitembea kilomita zile kumi na moja za kupanda, akaandika *mke*, akaandika *Gidioni*, kaburi namba mia moja na kumi na nne. Kikapu chake kilikuwa na maua juu, na chini ya maua chakula cha wiki.

"Maua haya yananuka maharage," Koplo alisema Jumapili ya kwanza.

"Ni ya msimu."

Koplo alikitazama kikapu, akamtazama yeye. "Pita, mama," akasema, wala hakuinama tena kunusa.

Walikaa nyuma ya jiko lisilo na moto, mahali ambapo hawaonekani kutoka barabarani. Gidioni alimweleza habari za wiki: shujaa gani kaletwa na bendi ngapi, na jinsi mafundi wa mji mkuu walivyolaza marumaru mshazari mpaka inamwuma macho, lakini marehemu hatoi maoni. Alikuwa ameng'oa majani kwenye kaburi la Nuru, akalizungushia mawe madogo meupe. Jioni, alisema, hukaa pale akakohoa kidogo, kisha huenda kulala. Alisema hivyo kwa mzaha. Eunike alimshika mkono, mkono uliokuwa mgumu kama mwiko wa chokaa, akaona umeanza kuwa mwepesi.

Kule Namba Saba watoto walimwamkia darasani na wazazi wao walipita kimya. Aliishi kama mjane siku sita, na siku ya saba aliolewa kwa saa sita.

Masika yalipofika, kukohoa kukaacha kuwa mzaha. Eunike alienda zahanati akaeleza dalili. Mganga alisikiliza vizuri sana, hadi alipofungua daftari na kuona jina. Akasema kwa masikitiko kwamba katika orodha ya dawa alizopewa hakuna iliyotengwa kwa marehemu. Jumapili iliyofuata Eunike hakukaa nyuma ya jiko. Alipiga magoti mbele ya mumewe ndani ya nyumba, kwenye sakafu ambayo Gidioni aliisakafia mwenyewe walipooana.

"Baba Nuru, jaza fomu namba tisa. Shuka upate dawa, kisha utakufa tena ukitaka, nami sitakuzuia."

Gidioni alipumua kama mtu anayepanda ngazi.

"Mvua ipungue kwanza," akasema. "Kaburi lake linatuama maji, nimechimba mfereji haujakamilika. Jumapili ijayo tutaijaza."

"Unaahidi?"

"Naahidi, mke wangu."

Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka mingi. Eunike alilibeba neno lile kilomita zote kumi na moja, kwenye mvua, kama mtu aliyebeba kaa la moto kwa mikono miwili.

*

Jumapili iliyofuata chini ya maua kulikuwa na fomu namba tisa, Eunike amekwisha kuijaza kila kitu ila sahihi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Gidioni alikuwa kitandani, amejifunika koti la kanisani, amegeukia ukuta, na kiganja kimoja kimeulalia ukuta ule. Alikuwa wa baridi, na si baridi ya siku moja. Nje, mfereji wa kaburini kwa Nuru ulikuwa umekamilika na maji yalikuwa yakipita vizuri.

Eunike hakupiga kelele. Alikaa naye kidogo, kisha akaenda langoni, akamwambia Koplo kwamba mume wake amefariki, anaomba kumzika kando ya mtoto wake.

Koplo Chiponda alivua kofia. Halafu akakumbuka kazi, akaivaa, akapiga simu wilayani. Eunike alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, ndiyo afande, hapana afande, na Koplo alipoweka simu alikuwa akitazama viatu vyake. Bwana Kitundu alikuwa amelikagua daftari. Gidioni wa kaburi namba mia moja na kumi na nne alikwisha kufa mwaka jana, kwa kifo cha kawaida, na amezikwa katika nyumba yake. Mtu hafi mara mbili, wala hazikwi mara mbili. Kaburi la pili lingekuwa kujitwalia ardhi ya taifa. Kwa hiyo mwili uliomo ndani haumhusu Gidioni. Ni mwili usiojulikana, haumo katika orodha ya mashujaa, na unatakiwa uondolewe makaburini kabla ya jioni.

"Sasa nifanye nini naye?" Eunike aliuliza, na hakumwuliza Koplo, wala Serikali, wala Mungu, aliuliza tu.

Alishuka Namba Saba akikimbia penye mteremko. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Tegemea, aliyekuwa akichambua mchele, na Eunike alisimama pale mlangoni akashindwa kusema zaidi ya jina la mumewe. Mama Tegemea aliweka ungo chini. Mwaka mzima na nusu hawakuwa wamesalimiana. Akavua upande wake wa juu wa khanga, akamfunga Eunike kiunoni kwa nguvu kama wafungwavyo wafiwa wasije wakaanguka, kisha akaenda banda kwa banda akiwaita wanaume kwa majina.

Walipanda wote. Hakuna mtu Beri ambaye hakuwa amelala chini ya dari la Gidioni. Wanawake walimwosha, wakamvika koti lake; wanaume waling'oa mlango wa nyumba yake, wakamlaza juu ya ubao huo, wakampokezana mabegani. Walipofika langoni waliinama, kwa kuwa ubao ulikuwa juu mabegani na lango fupi, wakamtoa nje ya ukuta wake. Koplo Chiponda alipiga saluti. Katika daftari lake, mahali pa kueleza kilichotoka, hakuandika kitu.

Walimzika kwenye uwanda mweupe, kando ya Namba Saba. Lilikuwa kaburi la kwanza pale. Udongo ulikuwa mgumu kama chungu, sururu tatu zikavunjika mipini, na wanaume walichimba wakipokezana. Usiku ule, na kwa siku tatu zilizofuata, banda la Eunike lilijaa watu waliokaa chini. Hakuna aliyetaja cheti, wala migomba. Walimwita Mama Nuru. Siku ya Jumatatu shule ilimwandikia kumkumbusha kwamba likizo ya msiba wa mume huyu alikwisha kuimaliza.

Jumapili ilipofika, aliamka, akapika, akakata maua, akafika langoni saa tatu kamili. Alipofika penye jina la marehemu akaishusha kalamu. Koplo Chiponda alisubiri. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa jinsi anavyojua yeye, katika kumbukumbu za Serikali mume wake bado yumo ndani, na hajaona karatasi inayomzuia mgeni.

Eunike akaandika. Akapita nyumba yake isiyo na mlango bila kutazama, akaenda moja kwa moja nyuma ya kanisa, ambako mashujaa walikuwa wamekwisha kusogea mpaka hatua kumi kutoka kwenye mawe madogo meupe. Akaketi chini. Akaweka maua. Mwishowe akainama karibu kabisa na ardhi, kama mtu amsemeshaye mtoto aliyelala nusu, akasema:

"Nuru, mwanangu, baba yako wamemhamisha."

Kisha akakohoa kidogo, akaendelea kukaa pale mpaka saa tisa.